Nani Kachukua Mkaa wa Bibi?

Kazija ana miaka sita na pengo la meno mawili ya mbele. Anakaa na bibi yake Unguja, nyumba ya mwisho kabisa, pale msitu unapoanzia.

Asubuhi moja Bibi alitaka kupika vitumbua. Unga wa mchele ulikuwa umeshaumuka. Ulipumua ndani ya bakuli.
Puu... puu... puu.

Bibi akaenda kuchukua mkaa. Akainama, akachungulia ndani ya pakacha.
Pakacha tupu.

"Kazija, umeuchezea tena mkaa?"
"Si mie, Bibi."
"Basi nani? Humu ndani tupo wawili tu, na mie sijaugusa."

Kazija akaumia moyo. Juzi kweli alichora kuku ukutani kwa mkaa. Lakini leo si yeye. Kusingiziwa kunauma kuliko kukanyaga mwiba, na Kazija ameshaikanyaga miiba yote ya uani.

"Haya," akasema Bibi, "siku za mwizi ni arobaini."

Kazija akautazama unga. Puu... puu... Umefika mdomoni mwa bakuli. Unga huu hausubiri siku arobaini.

Akatoka mbio uani, mpaka kwenye mkungu mkubwa. Chini ya mti akaona chenga za mkaa. Moja hapa, nyingine pale, nyingine shinani kabisa.
Kumbe mwizi yuko juu.

Kazija akashika kiuno, akaita:
"Mlio juu, mlio juu,
nionesheni mikono na miguu!"

Chakacha, chakacha. Kindi akashuka, kichwa chini, mkia juu. Akaonesha kucha zake za kukwelea.
Kali, lakini safi. Akapanda tena, chakacha, chakacha.

Kinyonga naye akaja. Hatua moja... akayumba. Hatua ya pili... akayumba. Kazija nusura alie kwa kusubiri.
Miguu ya kinyonga hubana tawi kama koleo. Nayo ilikuwa safi. Jicho moja lilimtazama Kazija, jingine lilimtazama nzi.

"Mlio juu, mlio juu,
nionesheni mikono na miguu!"

"Mikono sina, nina mbawa," akasema popo, kichwa chini, miguu juu.
Akazifungua, fwaa. Safi. Akajifunika nazo, akalala.

Ndani ya shimo la mti kukatokea macho makubwa kama vikombe vya kahawa. Alikuwa komba.
"Mie mchana nalala," akasema. "Nitaibaje usingizini?" Akanyoosha vidole vyake. Safi. Akapiga mwayo, akazama tena shimoni.

"Mlio juu, mlio juu,
nionesheni mikono na miguu!"

Halafu, kakra, kakra, kakra.

Juu kabisa alikaa kima punju. Mgongo wake mwekundu, nywele zake nyeupe zimesimama pande zote za uso. Alikuwa ameziba mdomo.

"Mikono," akasema Kazija.
Kima akaionesha. Myeusi tii.
"Kumbe ni wewe."
"Mikono yangu iko hivi tangu kuzaliwa," akasema kima, akauziba tena mdomo. "Hata kidole gumba sina. Tazama."
Kweli, gumba hana.

Kazija akafikiri. Puu... puu... Unga unamwagika huko.
"Basi cheka," akasema.
"Nicheke nini?"

Kazija akavuta masikio. Akakodoa macho. Akautoa ulimi penye pengo, ukachungulia kulia, ukachungulia kushoto.

Kima akajizuia. Mashavu yakavimba. Akajizuia tena.
Kha kha kha kha kha.
Meno yote meusi. Midomo yake ya waridi nayo imepakaa mkaa.
Pembeni mama yake kima akacheka, meno meusi. Wajomba wakacheka, meno meusi. Mti mzima ukatikisika, na Kazija akagaragara chini kwa kucheka.

"Kwa nini mnakula mkaa?" akauliza alipopata pumzi.
"Majani ya mkungu ni matamu," akasema kima, "ila yanatuvuruga tumbo. Gurugurugu. Mkaa unalituliza."

Kazija akamhurumia. Hata yeye tumbo limewahi kumvuruga.
"Chenga zitakuwa zenu," akasema. "Nitawawekea hapa kila siku. Vipande vikubwa ni vya Bibi."
Pu. Pu. Pupupu. Mkaa ukanyesha kutoka mtini.

Kazija akaukusanya, akampelekea Bibi na kumweleza yote. Bibi akauchambua ule mkaa. Kipande kimoja kilikuwa kimeumwa. Alama za meno ya mbele zilionekana wazi.
"Hebu fungua mdomo, mjukuu wangu."
Kazija akafungua. Hayo meno ya mbele ndiyo hana.

"Nisamehe," Bibi akanong'ona.
"Sijasikia, Bibi."
"Nimekusingizia. Nisamehe."
"Kima hawajasikia."

Bibi akakaza kanga, akatoka uani.
"Si Kazija," akapaza sauti mpaka kuku wakakimbia. "Nimekosea mie."
Moyo wa Kazija ukawa mwepesi kabisa.

Seredani, jiko la mkaa, ikawaka. Mafuta yakaimba, chwaa.
Kitumbua cha kwanza akapewa Kazija. Akakila kwa meno ya pembeni. Akala na cha pili. Cha tatu alilala nacho mkononi, juu ya mkeka, na hakuna aliyekichukua.