Sabuni Kwenye Giaboksi

Nilikuwa nakamua ng'ombe wa tatu niliposikia mashine inalia. Haukuwa mlio wa kukata nyasi. Ulikuwa mlio wa chuma kinachosaga chuma. Niliacha ndoo palepale, nikatoka mbio.

Mume wangu alikuwa juu ya trekta, katikati ya shamba letu la nyasi. Nyuma ya trekta tumefunga mashine ya kukatia nyasi. Chini yake kuna visu viwili vinavyozunguka. Juu ya visu kuna boksi la chuma lenye gia ndani, yaani giaboksi. Nguvu ya injini inapita kwenye shafti, inaingia kwenye giaboksi, na visu vinazunguka. Asubuhi hiyo giaboksi lilikuwa linatoa moshi.

"Zima!" nilipiga kelele. "Zima hiyo mashine!"

Akazima. Akashuka taratibu, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Imechoka tu," alisema. "Mafuta yapo. Juzi nimejaza mpaka juu kabisa."

Nikatazama mwenyewe. Mafuta meusi yalikuwa yanadondoka chini ya giaboksi, yanatiririka kwenye visu. Juu yake kuna kizibo chenye kitundu kidogo. Kitundu hicho kilikuwa kimezibwa kwa kitu cheupe.

"Hiki nini?"

"Sabuni. Mafuta yalikuwa yanaruka kutoka hapo. Nikaziba."

"Sabuni yangu ya kufulia?"

"Kipande tu, Mama Watoto. Usianze."

Nilianza. Nilimwambia yote yaliyokuwa moyoni, na mengine yalikuwa moyoni tangu mwaka jana. Nyasi zilikuwa zinaanza kutoa maua. Huo ndio wakati wa kuzikata na kuzikausha. Zikipita hapo zinakuwa vijiti, ng'ombe hawazigusi. Na redio ilikuwa imetangaza mvua wiki inayofuata. Nyasi zilizokatwa zikinyeshewa, zinaoza. Tulikuwa na siku sita. Tukizikosa nyasi hizo, ng'ombe wetu saba wangekonda kiangazi chote, na maziwa yao ndiyo yanayotulisha.

"Mpigie mdogo wako," nilisema.

"Nani, yule?" Akacheka. "Nimemlea mimi. Nimemfunga kamba za viatu. Leo aje anifundishe trekta?"

Hapo damu ilinichemka. Mdogo wake huyo wa kike ni fundi. Anafanya kazi kwenye gereji ya matrekta mwaka wa tisa sasa. Mwaka jana alikuja kututembelea, akaiona mashine hii, akasema, "Kaka, giaboksi lako linahitaji mafuta mapya." Majirani walikuwepo. Mume wangu aliwageukia akasema, "Mnamsikia huyu? Avae gauni kwanza, halafu aje kunipa ushauri." Watu walicheka. Wifi yangu alichukua pikipiki yake akaondoka, na tangu siku ile hakukanyaga kwetu.

Sikumwomba mume wangu ruhusa. Nilichukua simu, nikampigia.

"Wifi," nilisema, "najua umekasirika. Hata mimi nimekasirika. Lakini ng'ombe hawana kosa."

Akajibu, "Nakuja kwa ajili yako na ng'ombe. Kwa ajili yake siji."

Alifika saa sita mchana na boksi lake la spana. Tulikwenda shambani pamoja, na tulichokiona huko sitakisahau. Mume wangu alikuwa amewasha trekta. Ameinyanyua mashine juu kwa mikono ya trekta. Halafu amelala chali chini ya visu, anatafuta mafuta yanapotokea. Hakuweka gogo wala jiwe la kuizuia.

Wifi yangu alitupa boksi lake chini. Alimshika kaka yake miguu yote miwili, akamvuta kama gunia mpaka nje.

"Una wazimu?" mume wangu alifoka.

Wifi alihakikisha sote tuko mbali, akapanda kwenye trekta, akashusha wenzo wa kunyanyulia. Mashine ilianguka kwa kishindo. Vumbi likaruka.

"Kifua chako kilikuwa hapo," alisema. Alizima injini, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Mpira mmoja unaopitisha mafuta ya kunyanyulia ungepasuka, au mtu angegusa wenzo huu, ningekuja mazikoni. Nisikilize vizuri. Kabla ya kugusa mashine hii unazima injini, unachukua ufunguo, unasubiri kila kitu kisimame. Halafu unachomoa shafti. Ukitaka kuingia chini, unaweka magogo imara kwanza. Trekta peke yake haitoshi kushikilia mashine. Umenielewa?"

Mume wangu alinywea. Alitazama pale palipoanguka mashine.

"Nimeelewa," alisema.

"Haya. Kazi utafanya wewe. Mimi nitasimama hapa."

Mashine ilikuwa imekaa sawa kwenye ardhi tambarare. Walihakikisha giaboksi limepoa, linashikika. Wifi alimwambia apanguse uchafu wote kwa tambara.

"Kwa nini nipanguse kitu ambacho kitachafuka tena?"

"Kwa sababu ukifungua kizibo, mchanga utaingia ndani. Mchanga ukiingia kwenye gia, unazisaga. Pangusa."

Akapangusa. Wifi akaichokonoa sabuni kwa kijiti na kumwonyesha.

"Hapa ndipo giaboksi linapopumulia. Likipata moto, hewa ya ndani inatanuka. Inatokea hapa. Wewe ulijaza mafuta mpaka juu, hewa ikakosa nafasi, mafuta yakaanza kuruka. Halafu ukaziba! Msukumo ukatafuta njia nyingine. Umepasua sili ya chini, ile raba inayozuia mafuta yasivuje kwenye visu. Mafuta yote yameishia kwenye nyasi."

"Mimi nilidhani yakiwa mengi ndiyo vizuri," mume wangu alisema.

"Na yalikuwa mafuta gani?"

Alitazama viatu vyake.

"Yale niliyomwaga kwenye injini ya trekta," alisema. "Yalikuwa bado mazuri."

Nilishindwa kuvumilia. "Baba Watoto! Yangekuwa mazuri ungeyamwaga?"

Wifi alifura kwa hasira, lakini aliendelea. "Mafuta ya injini yaliyotumika ni uchafu. Giaboksi linataka mafuta ya gia, mazito. Kitabu cha mashine kinasema namba gani. Mashine hii inataka namba tisini. Kitabu kiko wapi?"

Kitabu kilikuwa chini ya godoro letu, bado kwenye mfuko wake wa plastiki. Hakijawahi kufunguliwa. Nilikileta mwenyewe na kukiweka mkononi mwa mume wangu.

Waliweka beseni. Mume wangu alifungua kizibo cha juu, kisha kile cha chini ubavuni. Mafuta machache yakatoka, meusi. Wifi alichovya vidole, akavisugua.

"Unaona vumbi hili linalong'aa? Hizi ni gia zako zimelika. Bahati yako ni vumbi. Yangekuwa vipande, au meno ya gia, tungekuwa tunazungumzia giaboksi jipya. Na siku nyingine, kama halivuji, washa mashine dakika chache kwanza. Mafuta ya vuguvugu yanatoka vizuri na uchafu wake."

Mume wangu alitaka kuyamwaga mafuta yale kwenye mtaro.

"Usithubutu! Mtaro unakwenda kwenye maji ya ng'ombe. Tia kwenye dumu, nipe. Gereji tunayakusanya."

Kesho yake alirudi na sili mpya na mafuta ya gia. Safari hii mashine ilikaa juu ya magogo manne manene. Kuyapanga kulituchukua nusu saa. Mume wangu aliyajaribu moja moja kwa teke kabla ya kuingia chini. Sili ilipokaa, walishusha mashine ikakaa sawa. Wakafunga kizibo cha chini, wakafungua kingine kidogo kilicho katikati ya ubavu.

"Hicho ndicho kipimo," Wifi alisema. "Mimina polepole kupitia juu. Mafuta yakianza kuchungulia hapo, acha. Usiongeze hata tone."

Alimimina. Yakachungulia. Akaacha. Alisubiri yatulie, akatazama tena, kisha akafunga vizibo vyote. Kile cha juu alikisafisha kitundu chake mpaka nikaona mwanga upande wa pili.

"Angalia kipimo kila siku kabla ya kazi," Wifi alisema. "Na ubadilishe kila mwaka kabla ya msimu, au mapema zaidi kama kitabu kinasema hivyo."

Mashine iliponguruma ilikuwa na sauti moja tu, ya visu kukata nyasi. Tulikata siku mbili. Tulikausha na kugeuza siku mbili. Siku ya sita majirani walikuja kutusaidia kubeba. Mzigo wa mwisho uliingia bandani saa tisa alasiri, na mvua ilianza saa kumi. Ng'ombe wana chakula mpaka mwisho wa kiangazi.

Watu wote walijibanza bandani, wamelowa jasho, wanacheka. Wifi alikuwa mlangoni na ovaroli lake. Mume wangu alimsogelea, akainamisha kichwa.

"Mdogo wangu," alimnong'oneza, "mwaka jana nilikukosea."

"Mwaka jana hukuninong'oneza," Wifi alijibu. "Ulisema mbele ya watu hawahawa."

Mume wangu alinitazama mimi. Kama alitafuta huruma, hakuipata. Nilikunja mikono nikasubiri, kama alivyosubiri dada yake mwaka mzima.

Akapanda juu ya rundo la nyasi.

"Jamani!" alisema, na kicheko kikakatika. "Mwaka jana nilimcheka huyu, na nyinyi mkacheka. Alisema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Leo ningekuwa nimekufa, na nyasi hizi zingeoza. Ni mdogo wangu, na ndiye mwalimu wangu."

Hakuna aliyecheka. Mvua ilipiga mabati. Kisha jirani mmoja akakohoa, akamgeukia Wifi.

"Samahani, Fundi," alisema. "Na mashine yangu pia inavuja. Unaweza kuja lini?"