Umeme Ukikatika, Bibi Je?

Somoe alikuwa na miaka sita. Alikuwa na kazi yake, na hakuna mtu aliyeigusa.

Kila Jumamosi alikusanya nyasi kavu. Bibi aliziwasha, akaipasha ngoma yake moto mpaka ngozi ikakaza.

Kisha Bibi alipiga.

*Du. Du. Du.*
*Bibi yupo.*

Wapigaji wengine walikuwa na mbwembwe. Mikono yao ilikimbia huku na huku. Wakipotea, walimsikiliza Bibi.

*Du. Du. Du.*
*Bibi yupo.*

Jumamosi moja, ngoma ilibadilika.

*Du… Du… … Du.*

"Bibi anachelewa," alisema Somoe.

"We mtoto, nani kakuuliza?" alisema Mama Chiku, mpigaji wa ngoma ndogo. "Unamfundisha bibi yako ngoma?"

Wanawake wakacheka. Somoe hakucheka.

*Du.*

Halafu kimya. Bibi alianguka juu ya ngoma yake.

Mjomba Chilumba alimbeba Bibi, akampeleka hospitali. Mama alikwenda naye. Somoe alibaki na nyasi mkononi.

Mjomba aliporudi alisema, "Bibi amechoka tu. Amelala."

"Alianguka macho wazi," alisema Somoe. "Watu hawalali hivyo."

"Nenda kacheze."

Somoe hakwenda kucheza. Alikaa karibu na ngoma. Ngoma haikusema kitu.

Jioni Mama alirudi. Somoe alimshika kanga.

"Mama, usinidanganye."

Mama alikaa chini, sakafuni kabisa.

"Moyo wa Bibi unapiga kama ngoma," alisema. "Sasa unapiga polepole mno. Anaweza kupona. Anaweza kufa. Sijui, mwanangu."

Somoe alilia. Mama naye alilia. Afadhali walilia pamoja.

Siku ya tano walikwenda kumwona Bibi. Nesi alikuwa ameweka vidole viwili kwenye mkono wa Bibi, chini ya dole gumba.

"Unatafuta nini?" aliuliza Somoe.

"Ngoma yake. Weka vidole hapa."

*Du… … Du.*

"Inachelewa," alisema Somoe.

"Ndiyo," alisema nesi. "Inachelewa."

Huyu hakucheka.

"Kesho daktari atamwekea mashine ndogo, kifuani, chini ya ngozi. Moyo ukichelewa, mashine itaugusa kidogo. Itauambia: haya, piga."

Bibi alirudi nyumbani. Kifuani alikuwa na kovu, na kitu kidogo kilichotuna kama kiberiti.

Watu wote walifurahi. Somoe hakufurahi.

Alizijua mashine. Redio ni mashine. Feni ni mashine. Umeme ukikatika, redio inakufa. Feni inakufa.

Na umeme wa kwao ulikatika kila mara.

Hakumwambia mtu. Nani angemsikiliza? Kila jioni aliitazama taa tu.

Usizimike. Usizimike.

Jioni moja mvua ilinyesha. Paa la bati lilipiga kelele.

*Pap.*

Giza. Redio ilinyamaza katikati ya wimbo.

Bibi.

Somoe alikimbia. Alijigonga mguu mlangoni, hakusimama.

Bibi alikuwa kitandani.

"Bibi?"

Kimya.

Alishika mkono wa Bibi. Vidole viwili, chini ya dole gumba. Hakuna kitu.

Alisogeza vidole. Hakuna kitu.

Alisogeza tena, kidogo tu.

*Du. Du. Du.*
*Bibi yupo.*

"Nani ananifinya?" alisema Bibi.

"Umeme umekatika, Bibi."

"Si tutawasha kibatari?"

"Na mashine yako?"

Bibi alijiinua. Akamvuta Somoe kitandani.

"Hakuna aliyekuambia?"

"Hakuna."

"Watu wazima hawa," alisema Bibi. Alikasirika hasa. "Sikiliza. Mashine yangu ina betri yake, humo humo ndani. Umeme ukikatika, yenyewe haina habari."

"Betri ikiisha?"

"Itachukua miaka mingi. Halafu nitawekewa nyingine."

"Utakufa?"

"Siku moja, ndiyo. Lakini si kwa sababu taa imezimika."

Somoe aliweka mkono kifuani kwake mwenyewe.

*Dudu-dudu-dudu-dudu.*

"Yangu inakimbia," alisema.

"Umekuja mbio. Ngoja itulie."

Wakangoja. Mvua nayo ikapungua.

"Nyasi zangu za siku ile," alisema Bibi, "mlizitupa?"

"Ziko chini ya kitanda changu."

"Kavu?"

"Kavu."

"Vizuri. Jumamosi tutaziwasha."

Bibi alimpiga Somoe mgongoni, taratibu, kwa kiganja.

*Du. Du. Du.*

Taa iliwaka. Redio ilianza tena kuimba.

Somoe hakuiona taa. Hakuisikia redio. Alikuwa amelala, vidole vyake viwili bado viko kwenye mkono wa Bibi.

*Du.*

*Du.*

*Du.*

*Bibi yupo.*