Springi za Shemeji

"Kasa Mmoja, muachie samaki. Ni safi."

Chirau, Kasa Mmoja wa redioni, aliibana Motorola sikioni. "Mna hakika?"

"Amepekuliwa mpakani, amepekuliwa Msambweni. Hana kitu. Muachie."

Redio ikanyamaza.

Alhamdulillahi. Tangu alfajiri idara ya polisi ilikuwa ikisaka bunduki zinazopelekwa Ukunda, mji ambao majeraha ya fujo za mwaka uliopita hayajapona. Zikifika, watu watazikwa. Na gari lililoshukiwa, Land Cruiser nyeupe, liliendeshwa na Alamin, mpeleka watalii Funzi, mume wa Mwanapili, dada yake Chirau wa tumbo moja.

Chirau alimwendea pale kizuizini kwa moyo mweupe. "Nenda zako, shemeji. Umwambie dada yangu aliolewa na mvivu."

Alamin hakuwahi kuuacha utani wa shemeji upite bila kulipa. Hata matangani alilipa.

"Ahsante, bwana Chirau," alisema. "Mungu akubariki."

Bwana Chirau? Leo utani haukulipwa.

"Zima gari."

Aliinama akachungulia chini ya gari. Springi mpya, nene, rangi ya manjano bado inang'aa. Zile za kuinua gari.

"Na imeinuka, afande," alisema Trevor, askari mwenzake kutoka bara. "Si uone, iko juu kushinda yetu."

"Hizo ni tairi kubwa, zinakudanganya. Usipime kutoka chini. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi. Hapo tairi haina neno."

Gari lao lilikuwa la aina ile ile, tupu, na springi zake za kiwandani. Chirau alilipima kwa tepu ya Stanley. Akalipima la Alamin.

Sawasawa.

Akapima tena, akiomba awe amekosea. Hakukosea. Springi za kuinua, na gari halijainuka hata kidogo. Kulikuwa na mzigo mzito unaolikandamiza, na nyuma hakukuonekana hata gunia.

"Niambie mwenyewe, shemeji. Wapi?"

Mkono wa Alamin uliteleza chini ya kiti.

Bastola ya Chirau, Browning, ilikuwa imeshatoka.

"Usinitie msiba huo. Tafadhali."

Mkono ukarudi mtupu. "Sakafu ni mbili," Alamin alinong'ona. "Walisema ni safari moja tu."

Trevor aliibandua sakafu kwa mtaimbo. AK-47 zilikuwa zimelazwa kwa safu, zimefungwa matambara yenye grisi. Akamtia Alamin pingu.

"Kasa Mmoja, samaki ameshaondoka?" redio iliita.

"Yumo wavuni. Na mzigo wote."

"Kazi nzuri, Kasa."

Chirau aliizima redio.

"Nani atamwambia Mwanapili?" aliuliza Alamin.

"Mimi."

Alivaa miwani ya jua, akairudisha bastola kiunoni, akamwachia Trevor ulinzi, akatembea taratibu hadi kwenye gari lao. Akashika njia ya Waa, kwa dada yake, naye akaendesha polepole kuliko siku zote.