Bado Hujaiva

"Bado," Nanzala alisema.

Mungai aliangalia karatasi, akamwangalia Nanzala usoni, kisha akarudisha macho kwenye karatasi.

"Lakini jibu si ni hiyo?"

"Jibu ni hiyo. Lakini hujui kwa nini ni hiyo. Umebahatisha."

"Ticha, hii swali ya tangi nimeifanya mpaka naiota."

"Basi endelea kuota. Rudi Jumatano."

Mungai alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kujikaza. Alikunja karatasi akaitia mfukoni, akachukua begi lake, akatoka. Nanzala alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Halafu akainamisha kichwa, maana alijua alichokifanya. Jibu la kijana wa watu lilikuwa sahihi, na njia yote ilikuwa sahihi, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuwa amebahatisha chochote.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya maktaba ya chuo, pale Eldoret, na wanafunzi walikiita Kliniki. Waliobobea katika hesabu, fizikia na kemia waliwafundisha wenzao waliokuwa wakizama. Kila mgonjwa, kama walivyoitana kwa utani, alikuwa na daktari wake. Siku daktari akiridhika, alisimama na kutangaza, "Huyu ameiva!" Hapo chumba kizima kilipiga meza kwa viganja mpaka mtunza maktaba akaja kufoka. Mgonjwa alikuwa ameruhusiwa. Nafasi yake ilipewa mwingine siku hiyo hiyo, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na aliyeruhusiwa hakurudi tena.

Hapo kwenye kutorudi ndipo palipomshinda Nanzala.

Mungai alikuwa akisomea uhandisi wa ujenzi. Alikuwa ameanguka somo la hesabu, Calculus, akarudia, akaanguka tena. Sasa alibakishiwa mtihani mmoja tu wa marudio, nao ulikuwa wa mwisho. Akifeli huo, chuo kingemrudisha nyumbani kwao Cheptiret, kwenye duka la mamake. Alipokuja Kliniki mara ya kwanza hakuweza hata kuinua macho.

"Mimi ni mjinga, nikuambie tu mapema," alisema siku hiyo.

"Mjinga hawezi kujua ni mjinga," Nanzala alimjibu. "Kaa chini."

Alikaa, na alijifunza. Alikuja na njugu karanga kwenye karatasi, akamuuliza Nanzala habari za nyanya yake aliyekuwa mgonjwa kule Bungoma, akakumbuka kuuliza tena wiki iliyofuata. Wanaume wengine walimkumbuka Nanzala mitihani ikikaribia. Kabla ya Mungai alimfundisha mmoja aitwaye Kevin. Meza zikapigwa, Kevin akaiva, na wiki iliyofuata wakakutana langoni. Kevin alikuwa ameshikana mikono na msichana mwingine, na salamu hakutoa. Nanzala hakumpenda Kevin hata kidogo, lakini jambo hilo lilimuuma, na huyu Mungai yeye Nanzala alikuwa akimpenda. Huyu akipita langoni vile, alijua angekufa moyo kabisa.

Kwa hiyo alisema bado, na wiki iliyofuata akasema tena bado.

Aliyemshtukia ni rafiki yake Joy, naye daktari wa Kliniki. Nanzala alikwenda Bungoma kumwona nyanya, na Joy akashika zamu yake. Aliporudi, Joy alimvuta kando.

"Ebu niambie, huyu Mungai anakujanga hapa kufanya nini?"

"Anafunzwa."

"Anafunzwa nini? Nimempea ile swali ya tangi, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Amemaliza kabla sijapata biro yangu. Nanzala, huyo jamaa anaijua kunishinda!"

Nanzala alijifanya kupanga vitabu.

"Sasa sikia ile kitu imenishangaza," Joy aliendelea. "Nikamwambia yuko sawa. Akasema, 'Hapana, Ticha wangu anasema bado sijaelewa.' Nikamwambia mimi naona umeelewa. Akaniambia wewe ndio unamjua."

"Nitamruhusu. Kuna vitu kidogo tu za kurekebisha."

"Ama hutaki aende?"

"Joy, tafadhali."

"Mpende basi! Nani amekukataza? Lakini hiyo unamfanyia sio mapenzi, dada yangu. Mtihani ni Jumanne."

"Nimesema nitamruhusu."

Na alikusudia kumruhusu, haki ya Mungu. Ijumaa hiyo alivaa sweta yake nzuri, ile ya zambarau, akapanga maneno. Angesimama, angesema ameiva, halafu kabla hajatoka mlangoni angemwambia na lile jingine.

Mungai alikuja amechelewa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alifanya maswali yote bila kuinua kichwa. Nanzala alipitia kazi yake na hakuona kosa hata la kusingizia.

"Ticha, leo niambie ukweli," Mungai alisema polepole. "Usinionee huruma. Nimeiva ama sijaiva?"

Neno lilikuwa hapo mdomoni. Kwenye benchi karibu na dirisha kulikuwa na msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akingoja nafasi ya Mungai, vitabu kifuani. Nanzala alimtazama msichana yule, akamtazama Mungai.

"Kuja Jumatatu," alisema. "Tumalizie."

"Kwa hivyo bado."

"Kuja tu Jumatatu, Mungai."

Mara moja tu zaidi, alijiambia. Jumatatu angemwambia kila kitu, na Jumanne angeingia mtihani akiwa na furaha. Ndivyo alivyojidanganya, na alilala vizuri siku hiyo.

Jumatatu Mungai hakuja. Nanzala alingoja mpaka Kliniki ikafungwa, kisha simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe.

"Ticha Nanzala, umenifundisha mpaka umechoka na bado sijaiva. Wewe ndio mtu mwerevu najua, na kama wewe unaona sitoshi basi sitoshi. Sitaki kuingia hapo nifeli mara ya tatu, nikuaibishe mbele ya wenzako. Nimeenda home. Asante kwa kila kitu. Mungu akubariki."

Nanzala alipiga simu. Mteja hapatikani kwa sasa. Alipiga tena, ikawa ile ile. Akaandika:

"MUNGAI UMEIVA. Umeiva kitambo. Tafadhali kuja kesho ufanye paper. Nakuomba."

Tiki moja ikatokea, maana ujumbe haukuwa umefika. Alikaa ukutani nje ya maktaba akiitazama, akiomba iwe mbili.

Asubuhi alisimama nje ya ukumbi wa mtihani. Aliwahesabu kwa macho waliokuwa wakiingia, akamwendea msimamizi kumsihi angoje kidogo. Msimamizi alimwambia mtihani haumngoji mtu, akafunga mlango. Waliofanya mtihani walitoka baadaye wakijinyoosha vidole. Ile tiki ilikuwa bado moja.

Swali la pili, Joy alimwambia baadaye, lilikuwa la tangi.

Barua ya chuo ya kumwachisha Mungai masomo ilitoka. Nanzala alikwenda ofisi ya mkuu wa kitivo akaeleza kosa lake lote, akilia. Mzee yule alimsikiliza kwa upole.

"Msichana wangu, mwalimu wake angesema lolote," alimwambia. "Mtihani ulikuwepo. Yeye ndiye hakuja."

Siku iliyofuata Nanzala alijiuzulu Kliniki. Siku aliyoona tiki zimekuwa mbili, halafu zikageuka rangi ya samawati, na jibu lisije, alipiga moyo konde, akaenda Cheptiret.

Duka halikuwa gumu kulipata. Mungai alikuwa amemweleza mara nyingi: la kijani, upande wa pili wa barabara kuu, magunia ya viazi mbele na mizani ikining'inia mlangoni. Mwanamke mnene aliyejifunga leso alimpokea kwa tabasamu.

"Karibu mami. Tukupimie waru?"

"Asante, Mama. Naitwa Nanzala. Nilikuwa nikisoma na Mungai."

Mama Nyokabi, mamake Mungai, aliweka mikono kifuani.

"Ule mwalimu? Ni wewe! Woi, huyu alikuwa anakusifu kila siku. Ngoja nikushike mkono." Aliushika kwa mikono yote miwili. "Mungu akubariki sana. Ulijaribu mami, sisi tunajua ulijaribu. Ni vile tu huyu wangu kichwa yake ni ngumu."

"Mama, kichwa yake si ngumu. Ni mimi..."

"Mathe, maziwa inachemka," sauti ikasema kutoka ndani.

Mama alikimbilia jikoni. Mungai alitoka na gunia begani, akaliteremsha. Alikuwa amekonda kidogo.

"Niaje, Ticha."

"Uliona message yangu?"

"Niliona. Nikasema unaniliwaza. Wewe ni mtu mzuri, huwezi kosa kuniliwaza."

"Haikuwa kukuliwaza." Nanzala alimsogelea. "Mungai, ulikuwa unaijua. Zile siku zote nikisema bado, ulikuwa umepata kila kitu. Nilikuwa nakudanganya."

Mungai alimtazama kama hakusikia.

"Kwa nini?"

"Ningesema umeiva, hungerudi tena. Nafasi yako ingepewa mtu mwingine. Na mimi nilitaka urudi." Machozi yalianza kumtoka na hakuyafuta. "Nakupenda. Nilikupenda tangu zile siku za njugu. Sikujua kusema, nikakuwekea hesabu."

Lori la maziwa lilipita barabarani, likapita lingine. Mungai alizunguka nyuma ya kaunta. Alichana upande wa boksi la sabuni, akachukua kalamu nene ya kuandikia bei.

"Nipe swali."

"Mungai, tafadhali..."

"Nipe swali, Ticha."

Nanzala alimpa lile la tangi. Mungai aliandika taratibu, mstari chini ya mstari, kisha akamsukumia. Nanzala alisoma yote. Alisoma kama mwalimu, kwa heshima, kwa sababu hilo tu ndilo lililobaki la kumpa.

"Uko sawa. Kila mahali."

"Sema ile neno."

"Umeiva."

"Tangu lini?"

"Tangu ile wiki ya kwanza baada ya CAT, ule mtihani mdogo."

Mungai aliegemea rafu.

"Unajua nilikuwa nimejipangia nini? Ile siku ungesema hiyo neno, meza zipigwe, ningekushika mkono tutoke hapo, nikuambie vile nakupenda. Niliona siwezi kukuambia nikiwa mjinga. Ningekuja kwako na nini? Nikasema kwanza niive." Alitikisa kichwa. "Nilikuwa nangoja wewe."

Nanzala aliinama juu ya kaunta.

"Bado tunaweza," alisema. "Nilienda kwa dean. Nitarudi. Nitaenda kila ofisi. Unaweza omba chuo kingine, nikusaidie, nikufundishe..."

Alinyamaza mwenyewe aliposikia alichosema.

"Ile ya paper ningekusamehe," Mungai alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Nanzala maini. "Paper ni karatasi. Lakini mimi sasa sijiamini na kitu. Asubuhi nikifunga mlango, narudi kuangalia kama nimefunga. Mathe akinituma, namuuliza tena alisema nini. Kila kitu nikifanya nasikia sauti yako ikisema bado. Hiyo sijui nitaitoa aje. Na siwezi kuishi na wewe nikiisikia."

"Nitakuwa nasema ingine. Kila siku nitakuambia uko sawa."

"Na mimi nitajuaje sasa hiyo ndio ya ukweli?"

Nanzala aliokota kile kipande cha boksi, akakikunja.

Mama Nyokabi alitoka na chai. Waliinywa watatu wakiwa wamesimama, mama peke yake akiongea, habari za mvua na bei ya mbolea. Nanzala alipoaga, mama alikataa katakata aondoke mikono mitupu. Alimjazia mfuko wa viazi, akimchagulia vikubwa vikubwa.

"Chukua mami. Ni ya shukrani. Usituone vibaya kwa sababu ya huyu."

"Mama, sistahili."

"Nani kakuambia? Chukua!"

Akachukua. Angefanya nini? Mungai alimbebea mfuko mpaka kando ya barabara, akasimamisha gari, akauweka miguuni pake.

"Enda poa, Ticha."

"Mungai."

"Enda tu."

Gari halikuondoka mara moja. Utingo alikuwa akigombana na abiria juu ya kuku. Kwa hiyo Nanzala alimwona Mungai akirudi dukani, akamwona mzee mmoja aliyekuwa akingoja kupimiwa viazi. Mungai alitundika mfuko kwenye mizani, akasoma. Akautoa, akautundika tena, akasogeza uso karibu na mshale.

"Kijana, si umeshapima?" mzee aliuliza kwa sauti, akicheka. "Iko sawa, hata mimi naona!"

"Bado," Mungai alisema, na akautundika tena.