KARI YA KICHINA ILIYOGEUKA NYEKUNDU

Bosi alitema!

Mbele ya macho yangu, kwenye kitambaa changu cha meza nilichokipiga pasi mwenyewe, akatema nyama ya kuku.

"Nani amepika hii sumu?!"

"Mimi," wifi yangu akajibu, kainamisha kichwa.

Jamani, wifi alipika kweli. Ila aliyeiharibu alikuwa amekaa pembeni na gauni la kijani, kajipaka mafuta mpaka anang'aa, kajifanya hajui kitu.

Mimi!

Tulieni niwasimulie. Mkitaka kunitukana mtanitukana mwishoni.

Kari ya kuku ya Kichina ni yangu. Nilifundishwa na mpishi Mchina wa kantini, enzi zile nashona kiwandani. Kiwanda kilipofungwa nikabaki nyumbani, nimepoteza kazi na hamu ya kutafuta nyingine. Kila mume wangu akinitajia pa kujaribu, nasema kichwa kinauma.

Lakini kari niliijua! Kuku unamkata vipande vidogo, unamlaza kwenye sosi ya soya na wanga kidogo. Vitunguu vinakatwa vikubwa vikubwa. Unga wa kari unakaangwa kwenye mafuta mpaka nyumba nzima inukie. Mwisho unakoroga wanga kwa maji baridi, unamimina, mchuzi unakuwa mzito na kung'aa.

Wifi, mdogo wake mume wangu, tunaishi naye. Nilimfundisha yote. Tukawa tunapika wote, tunacheka wote.

Halafu akapata kazi jikoni kwenye mgahawa.

Siku moja naanua nguo, nikamsikia dirishani anaongea na simu.

"Ndiyo, Bosi. Njoo Jumapili uionje hapa hapa nyumbani... Hapana, wifi hajui lolote. Nikimwambia atakataa."

Weee! Nikabaki na shuka mkononi.

Yaani kari yangu... anaiuza kwa bosi wake... na mimi nisijue?

Sikumuuliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mdomo ninao, na yeye alikuwa hatua chache tu kutoka nilipo. Nikanuna, nikakunja nguo.

Jumapili asubuhi akanitoa jikoni kwa mikono miwili.

"Wifi, leo hupiki. Nenda kaoge, vaa lile gauni la kijani, ujipendeze."

"Nijipendeze niende wapi?"

"Wewe vaa tu bwana!"

Nikasema moyoni, ananifukuza kwenye jiko langu mwenyewe. Sawa.

Alipotoka kwenda kuchuma majani ya vitunguu kwenye ndoo tulimoyapanda nyuma ya nyumba, nikaingia. Nikamwaga nje wanga wote uliokuwa kwenye kopo lake. Nikajaza magadi ya unga, yale ninayowekea maharage yalainike. Yote mawili meupe, yote laini. Nikafunika, nikaenda kuoga.

Nilioga huku naimba. Roho mbaya haina aibu, jamani.

Basi, Bosi akaja. Mama mnene, mcheshi, kaja na matunda. Sahani zikaletwa. Akachota kijiko kimoja...

Hapo ndipo mliponikuta.

Wifi aliposema "mimi", Bosi akanigeukia mimi.

"Pole sana mama. Maana nilikuja kwa ajili yako."

"Kwa... ajili yangu?"

"Huyu wifi yako amenisumbua tangu siku aliyoanza kazi! Kila nikipika kuku, ananiambia, 'Bosi, hujala wa wifi yangu.' Akasema ukiitwa kwenye usaili hutakuja, utasingizia kichwa. Nije mimi nionje, nikupe kazi hapa hapa mezani."

Gauni la kijani... lilikuwa la kuonekana na Bosi!

"Wewe njoo kesho nikujaribu," Bosi akasema, anachukua mkoba. "Ila wewe binti usirudi. Hii ladha ni ya magadi. Anayechanganya makopo nyumbani kwake atanilishia wateja nini?"

"Sawa, Bosi," wifi akasema.

Na mimi? Nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua. Mlango ukafungwa kabla neno halijatoka, na ukweli ni kwamba sikuliharakisha.

Nikamfuata jikoni. Anasugua sufuria, hanitazami.

"Wifi... kwa nini hukusema hujui ilivyotokea?"

"Angeuliza nani mwingine anaingia jikoni humu."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kukausha sahani.

"Nilipomimina tu, kari ikawa nyekundu," akaendelea. "Binzari ya kwenye unga wa kari ikikutana na magadi inageuka nyekundu. Nani alinifundisha hilo?"

"Mimi."

"Bosi alikuwa ameshakaa mezani. Nikakamulia ndimu. Rangi ikarudi, ladha ikakataa." Akasuuza sufuria. "Na lile kopo nililijaza wanga mwenyewe jana jioni."

Alijua! Alikuwa anajua tangu sahani hazijatoka jikoni!

Nikangoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Kesho uwahi," akasema. "Bosi hapendi wanaochelewa."

Akaenda kuanika kitambaa cha meza.

Ndugu zangu, kazi niliipata. Kari yangu inagombaniwa, wateja wanaomba waongezwe mchuzi. Nawapikia nikiwa nimevaa aproni ya wifi, maana ndiyo iliyokuwa inaning'inia kwenye msumari. Mfukoni nimekuta kibanio chake cha nywele. Kila nikiinama kinanichoma tumboni.

Nyumbani bado ananiita wifi. Ananiachia chai kwenye chupa. Mume wangu anamsema kwa uzembe, yeye anacheka tu, na mimi naangalia sakafu.

Siwezi tena.

Funzo langu halina urembo. Ukisikia unatajwa kwenye simu ya mtu, nenda kamuulize. Mimi nilitunga jibu mwenyewe kichwani, nikamwadhibu mtu kwa jibu hilo.

Sasa Bosi, najua upo hapa.

Wateja wakipungua mchana, unavuta kiti karibu na friji, unasoma simulizi za ukurasa huu mpaka unajipiga mapaja. Leo hii ni yangu.

Aliyebadilisha kopo ni mimi. Wifi hajawahi kuchanganya kitu jikoni maisha yake yote. Aproni nimeifua, nimeikunja, iko juu ya meza ya kukatia. Kibanio kimo mfukoni. Mrudishie mwenyewe.

Nimeposti nikiwa hapa hapa jikoni, sufuria ya kari iko motoni; haya ya mwisho nayaongezea kwenye maoni.

Bosi alikuwa anacheka na simu yake... sasa amenyamaza.

Nasikia kiti kinasogezwa.