Sanda ya Baba Mkwe

"Kama unakuja kuhubiri, usije. Na usipokuja, posa hakuna."

Ujumbe wa mchumba wake, Tahina, ulikuwa mfupi hivyo. Vololona aliusoma mara mbili. Filimbi na ngoma zilishaanza kusikika ng'ambo ya mashamba ya mpunga, kwenye kaburi la kina Tahina. Jumamosi ndiyo siku ambayo kina Tahina walipanga kuleta posa, mkia wa kondoo, kwa kina Vololona, na bila mkia wa kondoo hakuna ndoa, hata mpendane vipi.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Mwaka jana Mama Ramavo, mama yake Tahina, alimweleza kwa machozi kwamba marehemu mumewe amemjia ndotoni akilalamika baridi, kwa hiyo kimila lazima wamtoe kaburini, wambadilishie sanda na kucheza naye. Vololona, wokovu ukiwa bado wa moto, akamjibu kwamba wafu hawasikii baridi, hizo ni njozi za shetani. Ulimi hauna mfupa, jamani! Mjane wa watu aliinuka, akaiondoa sahani ya mgeni ikiwa bado na wali. Tangu siku hiyo hawakusemezana, na leo ndiyo siku ya kubadilisha sanda.

Simu ikaita. Alikuwa kiongozi wa kwaya.

— Nasikia unakwenda kucheza na mifupa.

— Nakwenda kwa mama mkwe.

— Ukikanyaga pale, kwaya usahau.

Akakata. Vololona alibaki amekaa mbele ya mtambo wake wa kufumia. Kisha akachukua furushi lake, akatoka.

Alikuta watu wameshakula wali na nyama ya nguruwe, na marehemu wameshatolewa. Wanawake wamekaa mikekani, kila mmoja amempakata wake. Baba Tahina alikuwa mapajani mwa mkewe. Baada ya miaka saba kaburini hakuwa na uzito hata wa mtoto mchanga.

Tahina akamzuia njiani.

— Volo, nakuomba. Leo usiseme kitu.

— Sikuja kusema.

Akapiga magoti mkekani, akafungua furushi. Ilikuwa hariri aliyoifuma mwenyewe kwa miezi mitano. Mama Ramavo aliitazama hariri, mfumaji hakumtazama.

— Wafu hawasikii baridi. Si ulisema wewe?

— Nilisema, mama. Nilikukosea. Ulikuwa unamlilia mumeo, mimi nikakupa mahubiri.

— Kwa hiyo leo utacheza naye?

Hapo ndipo penye kazi. Neno moja tu la ndiyo, na mambo yote yangekwisha. Tahina alimkodolea macho, akimsihi alitamke. Shangazi wawili waliacha kufunga sanda za marehemu wao ili wasikie vizuri.

— Hapana, mama. Sichezi, na siongei naye. Imani yangu hainiruhusu, na sitaki kukudanganya. Lakini kumstiri, nitamstiri. Na nitakaa na wewe mpaka umalize kulia.

Mama Ramavo aliivuta hariri, akaipapasa. Tahina aliinamisha kichwa, akaiona ndoa yake inakwenda na maji.

— Haya, shika miguuni, mama akasema.

Wakamvika pamoja, fundo kwa fundo. Walipofika kifuani mama akauliza kwa sauti ya chini:

— Mungu wako hatakasirika?

— Kuna mzee mmoja wa Mungu alifia ugenini, mama. Aliwaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake huko. Watu wake walipoondoka waliibeba, wakatembea nayo jangwani miaka arobaini.

— Imo kwenye kitabu chako hiyo?

— Imo.

— Mbona mwaka jana hukunisimulia hiyo?

— Mwaka jana nilikuwa na haraka.

Mama Ramavo akacheka huku machozi yanamtoka. Alikaza fundo la mwisho, akavua shuka yake ya mabegani, akampa Vololona amshikie, akainuka kucheza na mumewe. Vololona alibaki mkekani, shuka kifuani, anaomba kimyakimya. Tahina akaja kukaa kando yake, akamshika mkono mbele ya watu wote.

Mama alirudi anahema. Akachukua shuka yake, akajifunika.

— Jumamosi tunaleta mkia wa kondoo. Tukishakula, utanimalizia habari za yule mzee. Lakini polepole, mwanangu. Usinimwagie kitabu kizima.