Mafuta Tunayokamua Wenyewe

Mama Bienfait, jirani yao, alieneza kwamba alimkuta Kaoutar nyuma ya kinu cha mawese akilamba upawa. "Nimemuona na macho yangu! Ule mutoto hashibi!" Mtaa mzima ukacheka.

Shafii, baba wa Kaoutar, hakucheka. Tangu siku hiyo alimwamuru binti yake mnene ale nyuma ya jiko, makombo tu. Kaka yake Nasiri, mwembamba kama ufito, alimaliza sahani mbili.

Mama yao, Mwanahamisi, ndiye aliyemtuma Kaoutar kuosha ule upawa. Alimwambia mumewe. Hakusikilizwa.

Kisha Kaoutar akaanguka akibeba matunda ya michikichi. Akaja Schékinah, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Mulimunyima chakula?"

"Iko mulafi," Shafii alisema.

"Nasiri anamushinda kula, mbona hanenepi? Miili haifanani, baba. Kuna mutu anazaliwa na mwili unaoweka akiba upesi. Si kosa lake. Anafanana na nani?"

"Mama mukwe," Mwanahamisi alijibu. "Mabega, mapaja, yote."

"Usitukane mama yangu! Mama hakuwa hivi!"

"Mama yako alitoka kijiji cha Kizuka kwa miguu, ndizi kichwani," Schékinah alisema. "Huyu anapanda pikipiki mpaka masomo, Fanta mukononi. Damu ni ileile, maisha ndiyo yamebadilika. Ndiyo maana sasa wanene ni wengi mujini. Na mawese, munapima?"

"Tupime ya nini?" Mwanahamisi alishangaa. "Hatununui. Tunakamua wenyewe."

"Ee mama! Tumbo linajua bei?"

Hata Nasiri alicheka.

"Mutoto anayekua hanyimwi chakula," Schékinah alimaliza. "Mubadilishe chungu cha nyumba yote. Na matusi muache."

"Murakoze, asante," Mwanahamisi alisema. Shafii alitazama pembeni.

Mwanahamisi akaanza kupima mawese kwa kijiko. Akapika mboga ya lengalenga, maharage, samaki wa kuchemsha. Maji yakachukua nafasi ya Fanta. Watoto wakaenda shule kwa miguu. Baada ya miezi kadhaa Kaoutar alipanda mlima bila kuhema, na presha iliyokuwa ikimsumbua Shafii ikashuka. Mwili wa binti ulibaki mpana, lakini wenye nguvu.

Sasa wote wanakula sinia moja. Ila baba yake akikaa tu, Kaoutar anamega tonge mbili, anainuka.

"Baba Nasiri," Mwanahamisi alisema mchana mmoja, "mwambie mutoto pole. Neno moja tu."

Shafii alikuwa anachambua miiba ya samaki wa mukeke. Akaendelea kuchambua.